Visiwa vya Nuktamkato

Mjomba aliipokea karatasi, akavaa miwani yake, kisha akaigeuza juu chini.

Nilinyoosha mkono nimwekee sawa, naye akanizuia. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mpanga herufi katika kiwanda kimoja cha uchapaji jijini Dar es Salaam, enzi za herufi za madini ya risasi, na watu wa kazi hiyo walizoea kusoma maandishi yaliyopinduliwa, kwa kuwa ndivyo herufi zinavyokaa mkononi mwa mpangaji kabla ya kufika kwenye mashine. Aliitazama ramani ile ya visiwa viwili, cha juu cha mviringo na cha chini chenye mkia uliopinda. Akasoma jina la mji mkuu. Akasoma jina la bandari, kisha jina la mtawala. Hapo mabega yakaanza kutikisika, kicheko kikamtoka, na kikamshika kwa muda mrefu hata akaomba maji.

"Mpwa wangu," alisema alipopata pumzi, "hii si nchi. Hii ni karakana yetu."

Akanywa maji, akaitazama tena ramani, safari hii bila kucheka, akauliza: "Lakini kwa nini waliileta huku kwetu?"

Hayo yalitokea Tanga, barazani kwake, yapata wiki sita zilizopita. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo swali lake limekuwa likinijia nikiwa kwenye daladala, nikiwa jikoni, na usiku nikishazima taa.

## Gazeti la Ijumaa

Ramani ile ilichapwa gazetini Ijumaa, tarehe 1 Aprili 1977. Asubuhi hiyo wasomaji wa gazeti la The Guardian la Uingereza walikuta ndani yake nyongeza ya kurasa saba kuhusu San Serriffe, taifa la visiwa lililokuwa likiadhimisha miaka 10 ya uhuru wake. Hapakukosekana kitu. Ramani ilikuwepo, makala za jiografia na utamaduni zilikuwepo, kiongozi wa nchi, Jenerali Pica, alikuwepo, na matangazo ya kampuni halisi yalikuwepo. Kodak iliwaambia wasomaji kwamba kama kuna mwenye picha ya San Serriffe, ingefurahi kuiona.

Visiwa ndivyo havikuwepo.

Simu za ofisi ya gazeti zililia kutwa nzima, watu wakitaka maelezo zaidi. Mashirika ya ndege na mawakala wa safari walimlalamikia mhariri, Peter Preston, kwamba wateja wao hawakubali kuambiwa kuwa nchi hiyo haipo.

Kila nikifika hapo ninacheka upya. Ninamwona mteja mmoja aliyefunga safari mpaka kwa wakala, gazeti kwapani, fedha za likizo mfukoni, anaelezwa kwa upole kwamba hakuna ndege iendayo huko kwa sababu hakuna huko kwenyewe, naye, badala ya kuondoka, anaukunjua ukurasa juu ya meza, anaweka kidole kwenye mji mkuu na kuuliza, "Na hapa ni wapi?" Sioni cha kumlaumu. Mimi nimekulia katika nyumba ambamo maneno "imeandikwa gazetini" yalifunga mjadala wowote, hata ule wa mpira.

Wazo lilikuwa la Philip Davies, aliyefanya kazi katika idara ya nyongeza maalumu. Miaka hiyo magazeti ya London, hasa Financial Times, yalikuwa yakitoa kurasa nzima kuhusu nchi ndogo ambazo msomaji wa kawaida hakuwa amewahi kuzisikia, na kila mtu katika tasnia hiyo alijua kwamba makala zile ziliandikwa ili matangazo yapate pa kukaa. Davies akaona kwamba kama nchi haijulikani, basi wanaweza kuitunga wenyewe. Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu nitalihitaji mbele: shabaha ya utani ilikuwa biashara ya magazeti yenyewe.

## Funguo alizokuwa nazo Mjomba

Mimi nilikuwa nimesoma kuhusu San Serriffe kabla ya kwenda Tanga, na nilikuwa nimeelewa kwamba majina yake yanatokana na uchapaji. Kuelewa ni jambo moja. Kumwona mtu aliyeishi ndani ya majina hayo akiyakuta yamekuwa miji na makabila ni jambo jingine kabisa.

Jina la nchi lenyewe ni la herufi zile zisizo na vijimkia kwenye ncha zake, ziitwazo sans serif kwa Kiingereza, kama zinazotumika kwenye mabango ya barabarani. Mji mkuu ni Bodoni, jina la herufi za Giambattista Bodoni, mchapaji wa Parma nchini Italia aliyefariki mwaka 1813. Bandari ni Port Clarendon, na Clarendon ni herufi nene za karne ya 19 ambazo Mjomba alizikumbuka kwa uzito wake mkononi. Jenerali Pica ni kipimo. Pica sita zinakaribia inchi moja. Hapo ndipo kicheko kilipomzidi, kwa sababu kila siku ya maisha yake kazini alikuwa amepima safu za maandishi kwa pica, na sasa pica ilikuwa imevaa magwanda na kushika nchi.

Kisiwa cha juu kinaitwa Upper Caisse na cha chini Lower Caisse. Wapanga herufi walikuwa na makasha mawili ya mbao yenye vyumba vidogo vidogo. La juu liliwekwa herufi kubwa na la chini herufi ndogo, na Kiingereza mpaka leo kinaziita herufi hizo kwa jina la kasha zinamokaa, upper case na lower case. Sisi tunaziita kwa ukubwa wake, hivyo utani huu hauvuki bahari. Ungemweleza Mswahili kwamba kuna kisiwa kiitwacho Herufi Kubwa angekuuliza kama wenyeji wake ni warefu.

Wenyeji wa visiwa hivyo ni Waflong. Flong ni karatasi nzito iliyoloweshwa, inayogandamizwa juu ya ukurasa uliokwisha kupangwa ili ibaki na alama ya kila herufi, kisha risasi ya moto humiminwa juu yake lipatikane bamba la kuchapia. Mjomba alinionyesha kwa viganja vyake jinsi karatasi ilivyobanduliwa, taratibu, kuanzia kona moja, ikiwa bado ina joto. Niliona mikono ikikumbuka kazi ambayo kinywa kilikuwa hakijaitaja kwa miaka mingi. Na hapa lugha yetu haikubaki nyuma: papo hapo tulikuwa na Mflong mmoja, Waflong wengi, lugha yao Kiflong, na mambo yao yakifanywa kiflong.

Kisha wakaja walowezi. Nyongeza iliwaita wazao wa Wazungu wa visiwani *colons*, neno ambalo kwa Kifaransa ni mlowezi na kwa Kiingereza ni alama ya nuktambili. Watu wa damu mchanganyiko wakaitwa *semi-colons*. Nilipomfafanulia Mjomba alinitazama kama mtu anayeelezwa jambo alilozaliwa nalo. Vitabu vyetu vingine vya sarufi huiita nuktambili koloni, na koloni kwetu ni nchi iliyotawaliwa na wageni, na aliyetawala ni mkoloni. Utani uliowahitaji Waingereza wajue Kifaransa ili wacheke, Mswahili anaupata bure.

Na visiwa viwili kwa pamoja, nukta juu na mkato chini, ni nuktamkato iliyolala katikati ya bahari.

## Siri iliyovuja

Nimejiuliza kwa nini watu wengi waliosoma vizuri hawakuligundua hilo siku ile, wakati mpanga herufi aliyeishia darasa la nane aliligundua ndani ya dakika moja. Mwaka 1977 maneno hayo yalikuwa ya karakana. Msomaji alitumia herufi za Bodoni bila kujua zina jina, kama tunavyokula mkate bila kujua jina la mwokaji. Leo binti anayechapa barua kwenye steshenari ya Kariakoo anazijua fonti kumi kwa majina na anaweza kukushauri ipi inafaa kadi ya harusi. Utani wa San Serriffe usingefika saa tatu asubuhi leo.

Ulihitaji kufuli ambalo bado lilikuwa limefungwa.

## Jibu la kwanza

Swali la Mjomba lina jibu rahisi, nami nilifurahi nilipolipata. Mwanzoni visiwa vilipangiwa kuwa katika Bahari ya Atlantiki, jirani na Tenerife. Tarehe 27 Machi 1977, siku tano kabla ya gazeti kutoka, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife na watu 583 wakafa. Hakuna mwenye moyo ambaye angeweka mzaha mahali hapo wiki hiyo hiyo. Visiwa vikang'olewa na kupelekwa Bahari ya Hindi.

Hata kuhama kwenyewe kuligeuzwa kuwa habari. Wakaeleza kwamba bahari inaumega upande mmoja wa visiwa na kurundika mchanga upande wa pili, hivyo nchi nzima inasogea mashariki kuelekea Sri Lanka. Nchi inayotembea! Ninaipenda sana sehemu hiyo, kwa sababu inaonyesha waandishi waliobanwa na muda wakilitatua tatizo kwa kulifanya kuwa sehemu ya hadithi.

Nilimpigia Mjomba simu, nikamweleza habari ya ajali. Akasema, "Pole zao." Kisha akasema, "Lakini bahari ziko nyingi."

## Mwaka uliokuwa ukijitungia habari

Nikarudi kwenye mwaka wenyewe, nikijaribu kusoma vichwa vya habari kama alivyovisoma mtu wa London akinywa chai yake.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na ndege za shirika la pamoja la Afrika Mashariki zilikuwa zimeacha kuruka. Mwezi huo huo serikali ya Idi Amin ilitangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili wamekufa katika ajali ya gari, habari ambayo haikuaminika hata siku ilipotangazwa. Visiwa vya Komoro vilikuwa vimejitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975 na kupinduliwa tarehe 3 Agosti, kabla ya mwezi kuisha. Na katika mwaka huo wa 1977 nyaraka za serikali ya huko zilichomwa moto kwa amri ya serikali yenyewe. Ushelisheli ilikuwa na umri wa miezi tisa. Tarehe 5 Juni, miezi miwili tu baada ya Jenerali Pica kuzaliwa, Rais James Mancham alipinduliwa akiwa London kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola.

Ukiviweka vichwa hivyo kwenye meza moja ya muuza magazeti pamoja na San Serriffe, ni ipi ungeiokota kuwa uongo?

Kwa siku kadhaa niliridhika na jibu hilo. Visiwa viliwekwa huku kwa sababu huku paliaminika. Bahari yetu ilikuwa na mataifa mapya, majina ya Kireno, ya Kifaransa na ya Kiarabu yaliyokaa bega kwa bega, na majenerali. Mtunzi alihitaji tu kuongeza moja.

Hata hivyo, jibu hilo lilikuwa na shimo. Mahali panaaminika kwa sababu msikilizaji hana anachokijua kinachoweza kukupinga. Nikaanza kufikiria ni nani mwingine, mbali na waandishi wa mzaha, aliyewahi kuutumia ukungu huo.

## Shakwe

Mashariki ya Ushelisheli na kusini ya Maldivi kuna visiwa vya Chagos. Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga na Morisi, miaka mitatu kabla ya Morisi kupata uhuru, ili kikubwa kati yake, Diego Garcia, kipewe Marekani iweke kituo cha kijeshi. Visiwa hivyo vilikuwa na watu. Wengi wao walikuwa wazao wa watumwa waliochukuliwa Msumbiji na Bukini (Madagaska) kufanya kazi kwenye mashamba ya minazi. Walikuwa na makanisa, makaburi ya babu zao, na Krioli yao.

Agosti 1966 ofisa mkubwa wa wizara ya mambo ya nje ya Uingereza aliandika kwenye jalada kwamba huko hakutakuwa na wenyeji isipokuwa shakwe, ambao, akaongeza, bado hawajapata kamati ya kuwatetea.

Niliyasoma maneno hayo mara mbili. Yalikuwa yameandikwa yachekeshe.

Kati ya mwaka 1968 na 1973 watu wa Chagos, kati ya 1,500 na 2,000, waliondolewa. Waliokuwa wamekwenda Morisi kwa matibabu au kutembelea ndugu walizuiwa kurudi. Waliobaki walipakiwa melini na kushushwa Morisi na Ushelisheli. Wakati wote huo msimamo wa serikali ulikuwa kwamba visiwa havina wakazi wa kudumu, ila vibarua wa mkataba wanaopita. Kundi la mwisho liliondolewa miaka minne kabla ya ile Ijumaa ya tarehe 1 Aprili.

Kwa hiyo asubuhi ile, katika bahari moja, palikuwa na Waflong, ambao hawakuwahi kuzaliwa na ambao mawakala wa London walisumbuliwa kutwa kwa ajili ya kwenda kuwaona. Na palikuwa na watu waliokuwa hai, wakilala kwenye vibanda vya Port Louis, mji mkuu wa Morisi, ambao karatasi rasmi zilisema hawakuwa watu wa mahali popote.

Sikuweza kucheka kwa wiki nzima.

## Nilichohofia

Nimesita sana kuyaandika haya pamoja. Davies na wenzake hawakumfukuza mtu kwenye kisiwa. Utani wao uliwalenga wauza matangazo, na mateso ya Wachagos hayakuwa siri waliyoshiriki kuificha. Zaidi ya hayo, ninaamini kwa dhati kwamba walichokifanya ni kizuri: utani uliisha siku ile ile, na uliwafunza maelfu ya watu kutazama ukurasa mara ya pili kabla ya kuuamini. Kuna usiku niliifuta sehemu yote ya Chagos, nikabaki na kicheko cha Mjomba, ambacho kingetosha kuwa makala.

Niliirudisha kwa sababu ya herufi mbili.

Anwani za intaneti zinazoishia na .io ni za eneo hilo hilo la Chagos, kwa jina ambalo Uingereza ililiita mwaka 1965, British Indian Ocean Territory. Kampuni nyingi za teknolojia duniani zinazipenda kwa kuwa ni fupi. Upande wa pili, San Serriffe nayo ina chake: tangu mwaka 2008 Donald Knuth, mtaalamu wa Marekani aliyebuni programu ya TeX ya kupanga herufi kwa kompyuta, huwazawadia wanaogundua makosa katika vitabu vyake kwa cheti cha dola 2.56 kutoka Benki ya San Serriffe. Kila cheti ni heshima kubwa, na wanaokipata hukitundika ukutani. Ninafurahi kwamba nchi ya wapanga herufi imepata benki, na kwamba mwenye benki ni mpanga herufi. Lakini nilipoyaweka mambo hayo mawili pamoja niliona kwamba nisingeweza kuisimulia ramani moja na kuikunja nyingine. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza inapaswa kukomesha utawala wake huko haraka iwezekanavyo. Waliozaliwa kwenye visiwa vile wanazeeka. Wengine wamezikwa mbali navyo.

## Barazani tena

Jumamosi iliyopita nilirudi Tanga na atlasi ya shule ya mwanangu.

Nilimsimulia Mjomba yote, kuanzia jalada la shakwe hadi meli ya mwisho. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliomba atlasi, akaomba na lenzi anayosomea dawa zake, nikamfungulia ukurasa wa Bahari ya Hindi. Kama kawaida yake, aliugeuza juu chini. Alitafuta kwa muda, kidole kikipita mahali ambapo nuktamkato ile kubwa ingekuwa, na hatimaye kikasimama.

"Nukta tatu," alisema. "Hata mkia hazina."

Nukta tatu zilizofuatana vitabu vyetu vya sarufi vinaziita alama ya dukuduku. Aliijua vizuri kuliko mimi, kwa kuwa alikuwa ameipanga kwa vidole vyake mara nyingi mno.

Kiwandani kwao prufu ilisomwa na watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye nakala ya mwandishi, mwenzake anafuatisha kwenye karatasi iliyochapwa, kalamu mkononi, ili lisipotee neno. Mjomba alichukua penseli ya mwanangu, akaweka ncha yake juu ya nukta ya kwanza.

"Haya," alisema, "nisomee. Polepole, herufi kwa herufi."

Nikamsomea: Peros Banhos. Salomon. Diego Garcia.